Hogo la Mama Sulle

Hapa Dongobesh, usipovunjika hujaumia. Ndivyo tulivyo, na aibu ni yetu, mimi nikiwemo.

Efrazia, mjane tunayemwita Mama Sulle, aliteleza akitoka kisimani na ndoo. Kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba. Nesi Odilia wa zahanati akamfunga bandeji, akasema wiki sita: asilime, asibebe mzigo, asishuke bondeni.

Lakini maharage yake yalikuwa yamekauka, na sisi hung'oleana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Anayekosa mara mbili jina lake linafutwa. Mvua ikiyakuta maharage shambani yanaota ndani ya maganda, na wajukuu wake wale nini?

Wiki ya pili alijikongoja na fimbo hadi kwa Yohanes, mpanga zamu.

"Shikamoo mzee. Naomba mnisubiri. Nesi amesema wiki sita."

"Marahaba. Wiki sita za bandeji?" Yohanes akacheka. "Bura alipovunjika mguu akafungwa hogo la plasta, tulimng'olea shamba zima bila kudai. Wewe si umeteguka tu?"

Tuliokuwepo tukacheka naye. Kicheko kile ndicho kinachonikera mpaka leo.

Wiki ya tatu akaja kung'oa kwa Yohanes ili jina lisifutwe. Kabla ya saa nne mguu ukapinda tena mtaroni. Odilia akafoka mpaka machozi yakamtoka yeye mwenyewe: "Anza kuhesabu upya, mama!"

Hakuhesabu. Alimwomba fundi Patriki unga wa jipsamu uliobaki alipopiga dari ya parokia, akaukoroga, akachovya vitambaa, akajiviringishia juu ya bandeji mpaka gotini. Akakaa juani mpaka ukakauka.

Habari zikaenea: Mama Sulle kafungwa hogo! Kesho yake tukafika watu thelathini, na sukari, na pole zisizokwisha. Yohanes ndiye aliyetangulia. Kufikia saa nane maharage yote yalikuwa ndani ya ghala la mjane.

Ndipo Mama Sulle akaomba mchi. Akaligonga hogo, likapasuka, na bandeji ya Odilia ikaonekana.

"Mguu ni uleule," alisema. "Mzee Yohanes, pole yako uliiletea jipsamu, si mimi. Ichukue uende nayo."

Akamsukumia vipande miguuni. Mvua ikaanza tukiwa njiani, ikatunyeshea sote mpaka nyumbani.