Bamia Juani, Mahindi Kivulini

Saa tatu asubuhi, jua limeshafika kwenye meza ya Mama Bamia. Analinyunyizia maji gunia lililofunika mboga zake, anachomoa bamia moja na kuivunja ncha. Tak. "Bado nzima," anamwambia mteja. "Rudi saa sita uone. Itapinda tu, haitavunjika."

Kwa miaka kumi na tisa aliuza bamia na matikiti ndani ya soko, chini ya paa. Mwezi uliopita msimamizi wa soko akatundika ubao mlangoni: mazao ya asili ndani, mazao ya kigeni nje. Mahindi, mihogo na maharage yakabaki ndani. Bamia na matikiti yakatolewa, yakapangwa kando ya mfereji wa maji machafu.

"Nikamuuliza, baba, nani kakuambia bamia ni mgeni?" anasema huku akijifuta jasho. "Akanijibu, 'Mama, bamia na tikiti vililetwa na meli, kila mtu anajua.' Kila mtu yupi huyo?"

Binti yake, mwalimu wa jiografia, alimletea kitabu cha shule. Kimeandika wazi: mahindi, mihogo na maharage asili yake ni Amerika, na yalivuka bahari karne chache tu zilizopita. Tikiti limetoka bara hili hili, na wataalamu wengi wanasema bamia nayo vilevile.

Msimamizi alipopelekewa kitabu hakukifungua. Alisema rangi ya ubao imeshakauka. Kutojua kunasameheka, kukataa kujua ndiko kunakokera, hasa anayeumia anapokuwa mwingine. Chini ya paa Mama Bamia alikuwa akitupa kikapu kimoja kati ya kumi. Sasa anatupa vinne.

Jirani yake wa zamani, muuza mahindi, anaona haya. "Shoga yangu anaungua jua, mimi na mgeni wangu tumekaa kivulini," anasema. "Kama ni kufuata kitabu, wa kutoka ni mimi."

Mama Bamia hataki kusikia hayo. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi yalishika jembe zamani, yametulisha, yakae. Ninachokataa ni kufukuzwa kwetu na mtu asiyejua kwetu ni wapi."

Ijumaa kuna kikao cha soko. Ataingia na kitabu, na bamia mbili za mche mmoja: moja iliyokaa kivulini, nyingine iliyoshinda juani.

"Kitabu asome," anasema. "Kikimshinda, avunje bamia."