Fundi Breki Alipoachiwa Breki Mbili

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mawingu yalitanda tangu alfajiri lakini mvua haikunyesha. Ilitishia tu, kama mtu anayetafuta ugomvi bila nia ya kupigana.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaitwa Fundi Breki hata na wasiojua kama ana jina jingine. Maisha yake yamepita akiwa amelala chali chini ya magari ya watu, na hakuna kinachomkera kama dereva anayeapa kwamba gari ni zima huku breki zinalia. "Huyo," husema, "anadhani chuma kina aibu."

Doa lilipomtokea kwenye unyayo wa mguu wa kulia, alijua papo hapo ni nini: grisi. Akalisugua kwa petroli. Halikutoka. Akalisugua kwa brashi ya waya, ile laini, kama alivyojitetea baadaye. Doa likapanuka, likachimbika, likaanza kutoa damu, na yeye akabadilisha viatu. Alipokubali kwenda hospitali, melanoma, yaani saratani ya ngozi, ilikuwa imeshapanda hadi kwenye tezi za kinena na mapafuni.

Karakana nzima ilipinga. Mpiga rangi alitoa hukumu kwamba huo ni ugonjwa wa watu weupe, ngozi nyeusi haiupati.

"Basi unyayo wangu haukupewa taarifa," Fundi akamjibu.

Daktari alimweleza matibabu kwa lugha aliyodhani itamfaa. Mwili una askari wake, alisema, na askari hao wana breki, wasije wakawashambulia wenyeji. Saratani imejifunza kuzikanyaga breki hizo. Dawa zitakuwa mbili, kwa dripu, kila baada ya wiki tatu, zote siku ile ile, moja baada ya nyingine, na kila moja itaachia breki yake.

"Daktari, mimi kazi yangu ni kufunga breki. Wewe unataka kuziachia mbili kwa mpigo?"

"Ndiyo, mzee. Kwa hiyo askari wakianza kupiga ovyo, iwe ngozi, tumbo au kifua, utuambie siku hiyo hiyo. Usingoje."

"Hilo sihitaji kufundishwa," alisema Fundi, na kweli alionekana kuudhika.

Dripu za mara ya kwanza, zote mbili, zilipita salama. Alisinzia kitini, akaamka akilalamika kwamba dawa inayosifiwa ukali namna ile haina hata harufu.

Jumanne hiyo ya mawingu ilikuwa zamu ya mara ya pili. Tuliingia watatu, yeye, dada yangu na mimi, katika chumba cha viti vya kuegemea, chenye dirisha linalotazama ukuta. Nesi alivuta kigoda akakaa mbele ya Fundi.

"Unawashwa mwili?"

"Hapana."

"Kikohozi?"

"Hapana."

"Tumbo je, baba?"

"Zima kabisa, binti. Kama jipya."

Tumbo lenyewe likanguruma, hata mgonjwa wa kiti cha jirani akageuka. Dada yangu alifunga mkoba wake taratibu.

"Sista, usimsikilize. Tangu juzi anahamia chooni. Jana kidogo nimpelekee mto."

"Mama watoto!"

"Mama watoto nini? Anatoa damu, nimeiona. Si wewe unayewatukana madereva? Gari zima, gari zima, na mtaa wote unasikia breki zinalia!"

Jirani akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Fundi aliinamisha kichwa. Aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka.

"Binti, ukimwambia daktari, mtaninyima dawa. Na bila dawa hiyo mimi nimekwisha. Uongo?"

"Baba, tukikupa leo, utumbo unaweza kutoboka. Hapo ndipo utakwisha, tena saratani ikiwa bado inajipanga." Nesi akamshika mkono. "Dripu ile leo hakuna. Lakini askari walioamshwa hawalali wote. Dawa ya mara ile ya kwanza huenda bado inafanya kazi. Siwezi kukuahidi. Ila hujakwisha."

Daktari akaja, akasema yale yale kwa maneno marefu zaidi, akaagiza alazwe. Kwa hiyo mtu aliyeficha ugonjwa ili apate dripu akapata dripu, lakini ya kazi nyingine: kuwatuliza askari, kukaza tena kidogo kilichoachiwa.

"Sasa hii," Fundi alisema akiitazama chupa, "ndiyo kazi ninayoielewa."

Dada yangu alikuwa anamfunika miguu.

Asubuhi iliyofuata, madaktari walipoanza kuzunguka wodini, hawakuwa wamefika hata karibu na kitanda chake alipoinua mkono na kutoa taarifa ya usiku wake: mara alizokwenda chooni, rangi, damu iliyopungua, maumivu yalipoanzia, vyote kwa sauti ya karakana. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaweka chini kikombe chake cha chai. Fundi akamwomba radhi, akaendelea.