Kikombe cha Mstari wa Kushoto

Kwenye kituo cha utafiti wa kilimo walimwita Mama Matone, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwaga hata tone la dawa. Dawa yenyewe ilikuwa seleniamu, madini yanayoyeyushwa kwenye maji na kupulizwa kwenye majani. Kidogo husaidia mmea kustahimili ukame na humpa mlaji kinga ya mwili. Yakizidi, ni sumu. Mama Matone alipima kwa bomba la sindano, jicho moja kalifumba, na ole wako umsemeshe.

Msimu huo alilea bandani ndoo themanini za mahindi, zote zikinyimwa maji makusudi. Mstari wa kulia ulipuliziwa dawa, wa kushoto ukaachwa hivyo hivyo ili tofauti ionekane. Ikionekana, dawa ingepelekwa kwa wakulima wa nyanda kavu, na mdogo wake wa kiume, ambaye mvua ilikuwa imemtupa mkono misimu miwili, alikuwa mmoja wao.

Utafiti ni kazi ya ukatili, tusidanganyane. Mahindi ya kushoto yalikunja majani, yakanyauka mbele ya macho yake, naye ni mtu aliyezaliwa shambani. Roho ikamuuma. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akawa anayapa maji kikombe kimoja kimoja. Kidogo tu, alijiambia.

Siku ya kupima mavuno, mtafiti, binti wa umri wa kumzaa, alirudia kupima mara mbili. Mistari yote miwili ililingana.

"Dawa haifanyi kazi, mama," akasema. "Wafadhili watafunga mradi."

Mama Matone akasema yote, bila kuficha hata kikombe kimoja.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Yalikuwa yanakufa, mwanangu."

"Yalitakiwa kufa."

Binti hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Matokeo yangefutwa, na fungu la kuanza upya halikuwepo. Mama Matone akaambiwa akabidhi funguo za banda.

Jioni mdogo wake akapiga simu. "Dada, ile dawa inakuja lini? Mwenzio nishalima."

"Usiingoje. Nimeiharibu mimi, kwa mkono wangu huu."

Mdogo wake akaangua kicheko. "Dada nawe kwa utani! Wewe usiyemwaga hata tone? Haya, niambie, lini?"