Abiria Aliyeniita Somo

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikifika katikati sitaki kelele. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sijanywa wala sina homa.

Naendesha bodaboda Nachingwea. Nikikosa abiria nacheza gemu ya kupigana risasi kwenye simu, na humo mimi ni msichana. Ndiyo, pamoja na ndevu zangu hizi. Wasichana wa humo huonewa huruma, wachezaji wengine huwagawia silaha. Nilimchagua mwenye kilemba chekundu nikampa jina la Sihaba, lililonijia tu kichwani. Kijiweni hakuna aliyejua. Wangenitania mpaka kaburini, si unawajua bodaboda?

Siku hiyo nilikuwa napeleka spea Ruangwa. Njiani, kwenye mikorosho, mwanamke akanipungia mkono. Alikuwa na kilemba chekundu, lakini vilemba vyekundu ni vingi, sikujali. Alikuja akichechemea, akapanda kwa kukaa upande, akasema, "Somo, nishushe Malolo."

Somo! Mimi naitwa Hamisi. Nikaondoka naye, nikamjibu kwa utani kwamba sijawahi kukutana na mwanamke anayeitwa Hamisi.

"Mimi Sihaba," akasema. "Kwani wewe si Sihaba?"

Niamini, nusura nitoke barabarani. Nikajikaza, nikamuuliza nani kamwambia. Aliongea taratibu karibu na sikio langu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Jana umenipeleka tena nyuma ya lile tangi la maji. Nimepigwa risasi ya goti. Wewe ukifa unaanza upya, somo. Mimi nazikwa kila mara. Nimechoka."

Nyuma ya tangi la maji ndipo nilipouawa jana yake kwenye gemu, nikiwa nimejifungia chumbani peke yangu. Nani angejua? Nikatafuta pa kusimama. Mara pikipiki ikawa nyepesi, kama inavyokuwa abiria akishuka, na sisi tulikuwa kwenye mwendo. Nikageuka. Siti tupu, na barabarani nyuma yangu hapakuwa na hata mbuzi.

Spea sikuzifikisha. Niligeuza moja kwa moja mpaka kwa mama, Marambo, nikamkuta anapepeta ufuta. Habari za gemu sikumweleza, nilimuuliza tu kama anamjua mtu anayeitwa Sihaba. Ungo ukamtoka mikononi, ufuta ukamwagika wote.

"Nani kakwambia jina hilo?"

Ndipo akanieleza nisichowahi kusikia. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike, akaishi siku sita. Jina lilikuwa litangazwe siku ya saba. Mama alilichagua mwenyewe moyoni, hakumwambia hata marehemu baba. Nililia kama mtoto. Dada yangu! Nimemuua mara ngapi, jamani?

Tangu hapo sijacheza tena. Kuifuta gemu nako sithubutu, maana kumfuta si ndiyo kumuua mara ya mwisho? Simu naichaji kila siku. Ijumaa naifungua, namkuta Sihaba amesimama pale wanaposubiria kuingia vitani, ameegemea mguu mmoja, na mimi sikumtengeneza hivyo. Namwambia, "Shikamoo, dada," nafunga.

Nawe unayecheza, ukitaka uwe mwanamke, ukitaka uwe mwanamume, hiari yako. Ila jina likikujia tu kichwani, usiliandike kabla hujamuuliza mama yako.