Kifuniko cha Sufuria

Kwa miaka thelathini, mke wa Mzee Besi alimpigia kelele zilezile kutoka jikoni: "Punguza! Kifuniko cha sufuria kinacheza!"

Siku hizi masikio ya mzee yamechoka, na sauti nzito za gitaa lake la besi humfikia kama mvumo wa mbali. Jumamosi bendi yake itamsikiliza, iamue kama bado anafaa. Kwa hiyo mchana huu amewasha amplifaya yake kuukuu, akangoja taa za kioo zilizo ndani yake zipate moto, maana zikiwa baridi sauti hutoka kavu.

"Mama watoto, niazime masikio."

Mkewe akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye spika. Mzee akapiga.

"Nzito mno, kama lori lililokwama kwenye tope. Punguza besi, ongeza sauti ya kati. Polepole! Hata kunioa hukuwa na haraka hivyo."

Mzee akageuza vitufe, akapiga tena. Mkewe akafumba macho.

"Vipi?"

"Hii ndiyo iliyokuwa ikiniunguzia chakula."

Akachukua kalamu yake ya wanja, akaweka alama pale kila kitufe kiliposimama.

"Jumamosi nitakaa mbele na kifuniko changu. Ukiona nimekiinua, punguza."