Mtoto Asiyekuja Pia Hulipiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Homa Bay, nilikabidhiwa watoto sita na beseni moja. Sikuwa nimewahi kuajiriwa, lakini kulea nilikuwa najua. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba. Mimi ndiye kifungua mimba, na nyuma yangu kulikuwa na wanne. Niliacha shule nikawalea nyumbani Rangwe, na yule mdogo alipoanza kusoma nikatoka kutafuta mshahara.

Mkuu wa kituo tulimwita Matroni. Alinifundisha mapokezi, kazi ya dakika mbili kila asubuhi mlangoni. Mlezi humtoa mtoto mgongoni mwa mama, humpapasa shingo na kwapa, humtazama macho, kisha humnusa mdomo. Nilimuuliza kunusa ni kwa nini.

"Nyathina," alisema, akiniita mwanawe kwa Kiluo, "kuna mama atamnywesha mtoto dawa ya homa alfajiri ili apoe. Utampokea baridi kama samaki. Saa nne dawa imeisha, homa inarudi yote, na mama yuko mbali. Dawa hiyo inanukia kama peremende. Ukisikia hiyo harufu, rudisha mtoto."

"Na mama akilia?"

"Alie, lakini alie na mtoto wake mkononi."

Nilikaa na Matroni miaka minane. Kisha nikahamia Osiri, Migori, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kituo kipya kilihitaji mlezi mwenye uzoefu. Akina mama wa pale walivunja mawe na kuosha mchanga tangu asubuhi, wala si mahali pa kumkalisha mtoto. Mkuu wangu alikuwa Msimamizi, mwanamume mpole aliyependa karatasi kuliko watoto. Malipo yalikuwa ya siku. Mama alishika nafasi jioni, yaani alisema kesho mtoto wake anakuja, nasi tukapika uji kwa hesabu hiyo na kuwakatalia wengine, kwa kuwa mlezi mmoja hakuruhusiwa kuzidisha watoto wanane.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Shimo likijaa maji usiku, hakuna mawe ya kuvunja, na akina mama hawaji. Uji unabaki, na mimi niliyelipwa kwa kila mtoto niliyempokea narudi nyumbani mikono mitupu. Muhula huo ndugu yangu wa tatu alikuwa amefukuzwa shule ya upili kwa sababu ya karo. Nikaenda kwa Msimamizi na wazo langu. Nafasi iliyoshikwa jioni ilipiwe, mtoto aje asije. Ila mlezi akimrudisha mtoto mlangoni, mama asilipe, kwa sababu kukataa kumetoka kwetu.

Msimamizi, aliyeniita binti wa Rangwe kwa Kiluo, aliweka kalamu chini. "Nyar Rangwe, wewe una akili kuliko sisi tuliomaliza shule."

Sitaficha kwamba maneno hayo yalinilewesha. Sheria ikaandikwa kwa rangi mlangoni, nami nikaisimamia bila kumwonea mtu haya.

Akina mama walinung'unika. "Kwani nalipia hewa?" aliuliza Mama Akinyi, binti mwembamba aliyeolewa karibu na machimbo. Mwenzake akamcheka: "Si hata hotelini ukiagiza samaki ukakimbia, utalipa? Lipa, wacha maneno!" Wakacheka wote, na Mama Akinyi akacheka nao.

Wiki moja baadaye alikuja asubuhi bila mtoto.

"Dada, Akinyi ana homa. Jana jioni alikuwa mzima kabisa."

"Pole sana. Lakini ulishika nafasi."

"Mtoto ni mgonjwa, dada."

"Nasikia. Sheria haisemi mgonjwa."

Alilipa. Nilimwona akifungua fundo la leso polepole, kama mtu anayetumaini nitamwambia basi, acha. Sikumwambia.

Akinyi alipona, akaendelea kuja. Mwezi uliofuata mama yake alimleta mapema kuliko wote, akanikabidhi bila kunitazama usoni. Nilimpapasa shingo, nikaikuta baridi. Nikamnusa mdomo. Alinukia peremende.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na ninaomba mwelewe vizuri. Mama huyo alikuwa amefanya hesabu: akimweka mtoto nyumbani, atalipa na siku ya kazi ataikosa. Nami nilifanya yangu: nikimrudisha, sipati kitu. Sote wawili tulijua, na sheria iliyotufungia midomo nilikuwa nimeitunga mimi. Nikasema, "Haya, nenda kazini." Akaondoka mbio.

Saa nne homa ilirudi, na kabla ya adhuhuri mtoto akashikwa na degedege, viungo vikikakamaa mikononi mwangu. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Jioni Msimamizi aliniuliza mbele ya familia, "Ulipompokea alikuwaje?"

"Alikuwa mzima," nikasema. "Mama yake hakuniambia kitu."

Mama mkwe wa Mama Akinyi, aliyeiona chupa ya dawa nyumbani, alimgeukia mkaza mwanawe. "Ulimpa dawa ukamtupa? Umeniulia mjukuu kwa ajili ya mawe?" Mama Akinyi alinitazama mara moja tu.

Akinyi hakufa. Alitoka hospitali sikio moja limeziba kabisa na la pili likisikia nusu. Mimi nilihamishiwa kituo cha Migori mjini, nikapandishwa cheo. Ndugu zangu wote wanne walimaliza shule.

Nilistaafu mwaka jana kwa sababu ya mgongo. Walezi vijana wa Migori wakaniita niwaeleze ile sheria, maana bado inatumika. Nikaieleza, wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani nilijiona mwizi. Kwa hiyo isomeni tena, ninyi mliopiga makofi. Siikatai sheria yenyewe. Mlezi naye anakula. Lakini mama akisema mtoto ni mgonjwa, msimlipishe, na mlezi akimrudisha mgonjwa mlangoni, kituo kimlipe siku yake. La sivyo mnawalipa watu wawili wanyamaze.

Baada ya hapo nilikwenda Osiri. Nilimkuta Mama Akinyi akikaanga mandazi kando ya barabara. Nikamwambia yote. Hakuacha kugeuza mandazi.

"Nilikuona ukimnusa," alisema. "Nilingoja useme. Mama mkwe amekufa akiniita muuaji. Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi nilikuwepo." Akamwita binti yake mrefu aliyekuwa akiwahudumia wateja. "Huyu ndiye mwambie. Nyanya yake alimfundisha mengine."

Nilianza kwa sauti ya chini. Akinyi akainama, akaniletea sikio la kushoto. "Ati?"

"Sema kwa nguvu," mama yake akaniambia. "Sauti hiyo hasikii."

Nikasema kwa nguvu. Nikasema kwamba nilijua ni mgonjwa, kwamba nilimpokea kwa ajili ya pesa, kwamba nilidanganya na mama yake akabeba. Wateja wakaacha kutafuna. Akinyi hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mama yake.