Mama Gloire alifunga bila maji, tukapanda milima ya watawa wa Kibudha

Wakuu, salamu kutoka Bugolobi. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkibisha poa, ila someni mpaka chini.

Mimi ni Mkenya, niko Kampala kikazi, tunafunga sola. Bosi alitutuma India kwa training, mimi na Mama Gloire, Mkongo wa Bukavu, watoto wake watatu wanasoma Mengo, huku huku Kampala. Mama wa maombi haswa.

Site ya mwisho ilikuwa paa la monasteri huko Himalaya. Tuliruka kwa ndege hadi mji wa milimani, kesho yake tukaingia barabarani.

Asubuhi dereva alitupa chupa za maji akasisitiza tunywe kila saa. Mama Gloire akasukuma yake chini ya kiti.

"Kaka, mi niko nafunga, hata maji sinywi. Siwezi ingia kwa nyumba ya masanamu tumbo ikiwa na kitu."

Mlokole yeyote wa Kampala anaelewa. Ukienda mahali usipopaamini, unafunga kwanza. Hata mimi niliona ni sawa tu.

Sasa ile barabara. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Hakuna kizuizi, hakuna mti. Chini kabisa niliona lori limelala mtoni, dogo kama kibiriti.

Nje kuna theluji, mimi natoka jasho. Kila kona dereva anapiga honi na kunong'ona dua zake. Na mimi nikaanza zangu.

(Wanaosema mwanaume haogopi, nauli yenu nitachangia.)

Tulipofika juu kabisa, penye vitambaa vya rangi vinavyopigwa na upepo, Mama Gloire alilalamika kichwa kinamuuma. Akatapika. Akasema ni vita vya kiroho, tusimame imara. Nikaitikia amina.

Monasteri imeshikamana na jabali. Watawa wamevaa nguo nyekundu nzito. Mmoja, rika langu hivi, akatuletea chai yao yenye siagi na chumvi. Kwao mgeni hakai mkono mtupu.

Mama Gloire akageuza uso. Yule mtawa hakukasirika. Alibaki amesimama na kikombe, akimtazama midomo. Ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na mimi nilikuwa sijaona.

Ndipo Mama Gloire akanishika mkono, akaniita Dieudonné.

"Dieudonné, watoto wamevuka mpaka?"

Wakuu, Dieudonné ni mumewe. Alibaki Bukavu wakati wa vita, mama akaingia Uganda na watoto peke yake.

Nilipomweleza dereva kuwa mama hanijui tena, alisema neno moja: chini. Tuteremke upande wa pili mpaka mji wenye hospitali, tena sasa hivi.

Yule mtawa akatoka mbio na mtungi wa oksijeni wanaowawekea wazee wao. Hakuna aliyemuomba. Akaingia nyuma, akamlaza mama kichwa mapajani, akamshikia maski njia nzima.

Niliogopa, wakuu. Ile miteremko sikuiona tena. Nilikuwa nawaza nitasimama vipi mbele ya wale watoto Mengo.

Tulipoteremka sana mama akafumbua macho. Akaangalia ule mkono, akaangalia nguo nyekundu. Mtawa akamimina ile chai yao, aliyokuwa ameijaza kwenye chupa ya dereva, akamshikia kikombe. Akanywa yote.

"Ongeza," akasema.

Hospitalini daktari alieleza kuwa ni urefu wa milima, na kukaa bila maji kulimzidishia. Tungechelewa, tungerudi na sanduku.

Huku Kampala, mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema Mungu alimtuma mtu wa nguo nyekundu amshike kichwa. Mchungaji akadakia, huyo alikuwa malaika. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Mama akangoja wanyamaze.

"Hapana, pasta. Alikuwa mtawa wa kule kwa masanamu. Na chai yake nilikunywa."

Kimya. Mpaka leo kuna akina mama hawali chakula akipika yeye. Mimi huenda na sahani yangu.

Funzo: ukipanda milima kunywa maji, maombi yatakufuata huko huko. Na anayekushikia kichwa usimuulize dini.

Nyie mngekuwa kanisani siku ile mngepiga makofi au mngenyamaza? Semeni ukweli, nawasoma.